Mvuke Uliozidishwa Joto: Si Kila Mvuke Unaounguza

Yapo maneno ya kitaalamu ambayo yakiingia jikoni hupoteza maana yake, na mojawapo ni mvuke uliozidishwa joto. Mtu akifungua sufuria ya presha kabla ya wakati akaungua mkono, husemwa kwamba kilichomuunguza ni mvuke uliozidishwa joto. Muuza kahawa akieleza kwa nini maziwa yake yanapata moto upesi, naye hulitaja neno hilo hilo. Hata wanaoonyesha jaribio la nyumbani la kuwasha njiti ya kiberiti kwa mvuke wa birika, ambao kwa hakika ndio wenye haki nalo, mara nyingi hulieleza kwa namna inayomwacha mtazamaji akiamini kwamba tofauti iliyopo ni ya ukali tu, yaani kuna mvuke wa moto na kuna mvuke wa moto zaidi. Sivyo ilivyo, na kosa lenyewe linaficha jambo la kuvutia kuliko hilo la ukali.

Maana yenyewe ni fupi. Mvuke uliozidishwa joto ni mvuke ambao halijoto yake imepita kiwango cha kuchemka cha maji kwa shinikizo lile lile ulimo mvuke huo. Maneno ya kushika hapo ni yale ya shinikizo, kwa sababu ndiyo yanayorukwa. Maji hayana kiwango kimoja cha kuchemka. Dar es Salaam au Mombasa, usawa wa bahari, huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Nairobi, ambayo iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Na ndani ya sufuria ya presha iliyofungwa barabara huweza kufika karibu nyuzi 120 kabla hayajachemka. Mvuke unaotoka juu ya maji yanayochemka huwa na halijoto ile ile ya maji hayo. Huo ndio mvuke ulioshiba, na sifa yake ni kwamba uko ukingoni: ukinyang'anywa joto kidogo tu, sehemu yake hugeuka maji papo hapo.

Kutokana na hayo, mvuke wa nyuzi 97 unaotiririka ndani ya mrija ulio wazi jijini Nairobi tayari umezidishwa joto, kwa kuwa umepita nyuzi 94 za pale, hali mvuke wa nyuzi 120 uliomo ndani ya sufuria ya presha haujazidishwa hata kidogo. Wa kwanza ni wa baridi zaidi kwa tofauti ya nyuzi ishirini na zaidi, na bado ndio wenye kustahili jina. Anayelikataa hilo anakuwa bado anapima kwa kipimajoto peke yake, ilhali swali la msingi ni umbali uliopo kati ya mvuke na hali ya kurudi kuwa maji.

Sufuria ya presha ndiyo chanzo cha mkanganyiko mwingi, kwa hiyo tusiiache upesi. Ndani yake mna maji na mvuke vinavyokaa pamoja, na maadamu maji yamo, mvuke hauwezi kuyapita kwa joto na kubaki hivyo. Ukiongeza moto chini ya sufuria, joto la ziada linatumika kuyageuza maji mengine kuwa mvuke, shinikizo linapanda, maji na mvuke vinapanda joto kwa pamoja, kisha kile kidude cha juu kinanyanyuka na kupiga mluzi, na ziada inatoka. Muda wote huo mvuke haujaachana na maji. Ili uzidishwe joto ni lazima uondolewe kwenye maji, upelekwe mahali pake, na kupashwa moto ukiwa peke yake. Njia nyingine ni kuyaacha maji ya sufuria yakauke yote ikiwa bado motoni. Hapo mvuke uliobaki utazidishwa joto kweli, lakini maharage yatakuwa yameshaungua na mpira wa kifuniko unanuka.

Kuna jambo moja ambalo mbishi anastahili kukubaliwa. Mvuke ulioshiba unapochoropoka kwenye tundu la sufuria ya presha na kuingia katika hewa ya kawaida, shinikizo lake linashuka ghafla kuliko halijoto yake. Kwa muda mfupi sana, na kwa umbali mfupi sana kutoka kwenye tundu, unaweza kuwa juu ya nyuzi 100 kwa nyuzi kadhaa huku umezungukwa na shinikizo la hewa ya kawaida, na kwa maana kamili hapo umezidishwa joto. Lakini hali hiyo haidumu. Mvuke unaotoka kwa kasi huvuta hewa ya jikoni pande zote, unachanganyika nayo, unapoa, na mbele kidogo tu umeshakuwa wingu la matone. Kwa hiyo ndani ya sufuria jina halifai kabisa, na nje ya sufuria linafaa kwa umbali ambao hakuna mtu mwenye akili timamu ataweka kidole kuhakiki.

Hilo wingu nalo linahitaji neno lake, maana wengi huliita mvuke, na wengine huliita moshi kabisa. Mvuke halisi hauonekani. Tazama birika linapochemka kwa nguvu: kati ya mdomo wake na lile wingu jeupe kuna nafasi ya upana wa kidole kimoja au viwili ambapo macho hayaoni kitu. Mvuke uko hapo. Weupe unaoanza mbele yake ni matone madogo ya maji yaliyokwisha kuganda kutoka kwenye mvuke (kuganda hapa ni mvuke kurudi kuwa maji, si kuwa barafu), na ukisogeza mwali wa mshumaa katikati ya weupe huo, sehemu inayoguswa na joto hutoweka, kwa sababu matone yamerudi kuwa mvuke usioonekana.

Sasa jaribio lenyewe. Chombo cha kuchemshia maji, kwa kawaida chupa ya maabara yenye kizibo, huunganishwa na mrija mwembamba wa shaba uliozungushwa mizunguko michache kama springi, na ncha ya mrija huachwa wazi. Moto mmoja unachemsha maji, moto mwingine unauchoma ule mzunguko wa shaba. Mwanzoni ncha inadondosha maji tu, kwa kuwa mvuke unagonga shaba baridi na kuganda. Baadaye linatoka wingu, kama la birika. Kisha, kadiri shaba inavyopata moto, wingu linaanza kurudi nyuma na kukonda, mpaka mbele ya ncha panaonekana patupu, na mtu asiyejua anaweza kudhani maji yamekwisha. Hapo ndipo kipande cha karatasi kinapowekwa. Karatasi haionekani kulowa. Inageuka rangi ya chai, kisha kahawia, kisha nyeusi, na ukiikunja inavunjika kwa ukavu. Kinachowashangaza watu ni kwamba kitu kilichotoka kwenye maji, na ambacho bado ni maji kwa kila hesabu ya kemia, kinakausha na kuunguza karatasi bila kuacha hata alama ya unyevu.

Njiti ya kiberiti inashangaza zaidi, na hapa waonyeshaji wengi hupitisha maelezo haraka. Kichwa cha njiti kinashika moto ndani ya mvuke kwa sababu kimebeba oksijeni yake chenyewe, katika klorati ya potasiamu iliyochanganywa humo; kinachohitaji ni halijoto ya kutosha tu, na mvuke unaitoa. Mti wa njiti hauna akiba hiyo. Ukibaki ndani ya mkondo wa mvuke utakuwa mweusi lakini hautashika mwali wa kudumu, kwa kuwa mvuke umeisukuma hewa pembeni. Ukiutoa nje ukiwa bado na moto wa kutosha, hewa inaufikia na unawaka. Kwa hiyo kauli kwamba mvuke umewasha moto ni ya kweli, ila ni mvuke huo huo pia unaouzuia mti usiendelee kuwaka. Si ajabu kwamba mvuke umekuwa ukitumika tangu zamani kuzimia moto katika ngama za meli.

Kwa anayetaka kulifanya jaribio hili, ushauri wangu ni kwamba alifanye katika maabara ya shule, mbele ya mwalimu, na wala si jikoni. Mrija ukikunjika au ukiziba, chombo cha maji kinakuwa bomu. Ncha ikielekezwa kwa mtu, mtu huyo hataona kinachomjia. Na shaba hubaki na moto wa kuunguza muda mrefu baada ya rangi yake kurudi kawaida. Kuuunganisha mrija na sufuria ya presha, jambo ambalo wapo wanaolifikiria, ni kujitafutia balaa bila faida yoyote, kwa kuwa jaribio halihitaji shinikizo. Linafanyika likiwa wazi kabisa kwa hewa ya kawaida, na hapo ndipo ulipo uzuri wake: mvuke wa nyuzi 200 na zaidi, bila presha yoyote ya kutajika.

Lakini tuifikie tofauti inayonikera zaidi ya zote, nayo ni ile ya halijoto, inayosomwa kwenye kipimajoto, na joto, yaani kiasi cha nishati kilichobebwa, ambacho hupimwa kwa juli. Watu wakiona karatasi inaungua huondoka wakiamini kwamba mvuke uliozidishwa joto umebeba joto jingi mno kuliko mvuke wa kawaida, na kwamba ndio maana mvuke huunguza vibaya. Hesabu inakataa. Kugeuza gramu moja ya maji yanayochemka kwenye nyuzi 100 kuwa mvuke wa nyuzi 100 kunahitaji juli 2,257 hivi, na kipimajoto hakisogei hata nukta katika kazi yote hiyo. Kuuchukua mvuke huo na kuupandisha kutoka nyuzi 100 hadi nyuzi 200 kunahitaji juli 200 tu, au pungufu kidogo. Yaani zile nyuzi mia moja za kutisha, zilizoifanya karatasi iwe mkaa, zimeongeza chini ya sehemu moja ya kumi ya joto ambalo mvuke wa birika ulikuwa umeshalibeba kimyakimya.

Tazama basi kinachotokea kwenye ngozi. Gramu moja ya maji ya nyuzi 100 ikimwagikia mkono na kupoa mpaka joto la mwili, inautolea mkono juli 260 hivi. Gramu moja ya mvuke ulioshiba wa nyuzi 100 ikiganda juu ya mkono huo kisha ikapoa vivyo hivyo, inautolea juli zipatazo 2,520, karibu mara kumi. Gramu moja ya mvuke uliozidishwa joto hadi nyuzi 200 inautolea juli 2,720. Kutoka maji kwenda mvuke ni mruko; kutoka mvuke ulioshiba kwenda mvuke uliozidishwa ni hatua ndogo. Kinachounguza ni kule kuganda, na mvuke wa birika la chai ya asubuhi unakuweza kuganda huko kikamilifu. Ndiyo maana mtu aliyeungua kwa mvuke wa sufuria ya presha hahitaji neno jipya la kueleza ukali wa jeraha lake. Mvuke ulioshiba unatosha na kubaki, na maziwa ya muuza kahawa yanapata moto upesi kwa sababu hiyo hiyo, maana mvuke unaganda ndani yake na kuyaachia joto lake lote.

Kinyume chake nacho kina ukweli wake. Mkono ukiingizwa haraka ndani ya oveni yenye hewa ya nyuzi 200 hutoka salama, kwa kuwa hewa haina cha kuganda. Wapo wanaosema kwamba mvuke uliozidishwa joto, kwa ukavu wake, unafanana na hewa ya oveni. Unafanana nayo pale tu unapokutana na kitu ambacho chenyewe kimeshapita nyuzi 100. Ukikutana na ngozi, ambayo ina nyuzi thelathini na kitu, unapoa mara moja, unafika ukingoni, unaganda kama mvuke mwingine wowote, na ule ukavu haumsaidii mtu. Kitu baridi kikiingizwa ndani ya mvuke huu hulowa kwanza, kisha kikishapata moto hukauka, na mwisho huanza kubadilika rangi.

Hospitali wanaijua tofauti hii, tena kwa upande usiotarajiwa. Mashine ya kutakasia vifaa vya upasuaji hutumia mvuke ulioshiba wa nyuzi 121 kwa dakika 15, na kazi inafanyika kwa sababu mvuke huo unaganda juu ya vifaa, unaachia joto lake na unyevu wake, na unyevu ndio unaosaidia kuharibu protini za vijidudu. Mvuke ukiingia humo ukiwa umezidishwa joto, kazi inadorora ingawa kipimajoto kinaonyesha namba kubwa zaidi, kwa kuwa unaanza kutenda kama hewa kavu ya moto; na hewa kavu, kwa kazi hiyo hiyo, huhitaji nyuzi 160 kwa saa 2. Hapo mvuke wa moto zaidi ni mvuke dhaifu zaidi.

Kama faida ya joto lenyewe ni ndogo hivyo, kwa nini wahandisi walihangaika na mvuke uliozidishwa joto? Jibu liko kwenye ule ukingo. Mvuke ulioshiba ukiingia kwenye silinda ya garimoshi, kuta za silinda zinaupoza, sehemu yake inageuka maji, na maji hayasukumi pistoni. Mhandisi Mjerumani Wilhelm Schmidt alionyesha kwamba mvuke ukitolewa kwenye boila na kupitishwa tena katika vibomba vyembamba vinavyopigwa na moto, unapata akiba ya kupoa bila kuganda, na kuanzia 1898 reli za Prussia, huko Ujerumani, zilikuwa na vichwa vya treni vinavyotumia mtindo wake. Mtindo huo ulienea duniani. Ulifika hata kwetu: vichwa vya Garratt daraja la 59 vya Reli za Afrika Mashariki, vilivyoundwa na Beyer Peacock wa Manchester katika miaka ya 1950 na kupewa majina ya milima ya ukanda huu, vilikuwa na boila la shinikizo la pauni 225 kwa inchi ya mraba, ambapo maji huchemka kwenye nyuzi 200 hivi. Mvuke wake ulipashwa moto juu ya kiwango hicho kabla ya kufika kwenye silinda. Kimoja kati ya hivyo, Mount Gelai, kipo katika jumba la makumbusho ya reli Nairobi. Mvuke usiopotea kwa kugeuka maji ndani ya silinda huokoa maji ya boila, na kwa njia ya Mombasa kwenda Nairobi, inayokatiza nyika kavu ya Taru, kila pipa la maji lililookolewa lilikuwa na thamani yake.

Katika mitambo ya umeme sababu ni ile ile, ila badala ya pistoni kuna mapanga ya turbini yanayozunguka kwa kasi na kupigwa na matone kama changarawe. Mitambo ya kuchoma makaa hupeleka mvuke wa nyuzi 540 na kuendelea. Olkaria, kituo cha umeme wa mvuke wa ardhini nchini Kenya, ni habari nyingine: visima vyake hutoa mchanganyiko wa maji na mvuke kutoka ardhini, maji hutenganishwa kwanza, na mvuke unaokwenda kwenye turbini ni ulioshiba au karibu na hapo. Anayesema kwamba Kenya inazalisha umeme kwa mvuke uliozidishwa joto wa ardhini anachanganya Olkaria na mahali kama Larderello, Italia, ambako ardhi yenyewe hutoa mvuke mkavu.

Kuna pia kosa la maikrowevu, ambalo nitalipita haraka. Maji yaliyopashwa katika kikombe laini na safi yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka, kisha yakafumka yote mara sukari inapotiwa. Hayo ni maji yaliyozidishwa joto. Jina limefanana, lakini kilichopita kiwango ni kimiminika kilichokosa mahali pa kuanzia mapovu, na mvuke unaotoka pale ni mvuke tu.

Anayetaka kuuona mvuke uliozidishwa joto nyumbani bila shaba wala hatari kubwa, akipashe moto kikaango kikavu cha chuma mpaka tone la maji likidondoshwa lisitawanyike na kukauka, bali lijikusanye na kukimbiakimbia kama gololi. Daktari wa Kijerumani Johann Gottlob Leidenfrost aliliandikia jambo hili mwaka 1756. Tone halikigusi kikaango. Limebebwa na utando mwembamba wa mvuke, ambao juu yake una maji yanayochemka na chini yake una chuma cha nyuzi 200 au zaidi, na kwa kuwa halijoto ya utando huo iko kati ya hizo mbili, mvuke wake umezidishwa joto pasipo ubishi. Kwenye kikaango cha moto wa wastani, ambako tone lingekigusa chuma moja kwa moja, lingekauka upesi zaidi kuliko hapo.

Kwa hiyo sina ugomvi na anayependa kulitumia neno hili kwa vyombo vya nyumbani, ila namwomba alihamishe. Aliondoe kwenye sufuria ya presha na kulipeleka kwenye pasi ya mvuke, ambayo hakuna anayeipa sifa hiyo: humo maji hudondoka kidogokidogo juu ya chuma chenye nyuzi mia na kitu, hugeuka mvuke papo hapo, na mvuke huo hupita kwenye njia za chuma hicho hicho kabla ya kutoka, bila maji kuusindikiza. Asubiri tu pasi ipate moto sawasawa, maana ikiwa bado ya uvuguvugu itamtemea maji kwenye shati.